Adapta ya Picha: Namna ya Kuunganisha Kompyuta ya Chama na Projekta au Televisheni

Vyama vya msingi vingi hivi sasa vina kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu. Hesabu ambazo zamani zilisomwa kwa sauti kutoka daftarini, sasa katika mikutano mingi huonyeshwa ukutani kwa projekta au katika televisheni kubwa. Jambo hili ni jema, kwa sababu mwanachama aliyeketi nyuma ya ukumbi huweza kuziona tarakimu kwa macho yake mwenyewe, akalinganisha mapato na matumizi, na akauliza swali lake mahali linapostahili. Lakini faida hiyo yote hupita katika kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kiganja, nacho ni adapta inayounganisha kompyuta na projekta.

Chama kikinunua adapta isiyofaa, hasara huwa mbili. Hasara ya kwanza ni ya fedha. Kifaa hutupwa kabatini, kingine hununuliwa, na pengine hicho cha pili nacho hakifai. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Mkutano Mkuu hukaa mbele ya ukuta mtupu, saa zinakwenda, wanachama wa mbali wanaanza kutazama jua, na mwishowe taarifa husomwa haraka haraka na kupitishwa kwa kunyoosha mikono. Makisio ya mwaka na ukomo wa madeni ni mambo yanayomfunga kila mwanachama, na si haki yapitishwe bila ya wenyewe kuyaona. Kwa hiyo uchaguzi wa adapta, ingawa waonekana ni kazi ya fundi, ni jambo linalowahusu pia meneja na wajumbe wa Bodi.

Kanuni ya kushika ni moja: kwanza ijulikane ni ishara ya namna gani inayotoka katika kompyuta, kisha ijulikane ni ishara ya namna gani inayopokelewa na projekta, ndipo adapta itafutwe. Anayekwenda dukani akiwa na umbo la tundu tu kichwani, bila ya kujua ishara, ananunua kwa kubahatisha.

ISHARA ZA NAMNA MBILI

Picha hutoka katika kompyuta kwa njia ya ishara za umeme, na ishara hizo ni za namna mbili, yaani analojia na dijitali. Wananchi wa Tanzania wanazifahamu tofauti hizi tangu tarehe 31 Desemba 2012, yalipoanza kuzimwa matangazo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam, na baadaye katika miji mingine kwa awamu. Mwenye televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi. Televisheni yake haikuwa mbovu, wala waya wa antena haukuwa na kasoro. Ishara iliyokuja ilikuwa ya lugha nyingine, na king'amuzi kilikuwa mkalimani.

Hali ya kompyuta na projekta ni hiyo hiyo. Projekta nyingi za zamani hupokea analojia, na kompyuta nyingi mpya hutoa dijitali peke yake. Mabadiliko haya hayakuja kwa ghafula. Mwezi Desemba 2010 makampuni ya Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG yalitangaza nia ya kuondoa hatua kwa hatua njia ya picha ya analojia katika kompyuta, na mwaka 2015 ukatajwa kuwa ndio kikomo. Ndiyo sababu chama kilichonunua projekta zamani, kisha kikanunua kompyuta mpya, hukuta kwamba waya uliokuwa ukitumika miaka yote hauna tena pa kuchomekwa.

MATUNDU YANAYOKUTIKANA

VGA. Tundu hili lilianzishwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Lina nafasi za pini 15 katika safu tatu, na aghalabu ni la rangi ya buluu, lenye sehemu ya kukazia skrubu pande zote mbili. Hubeba ishara ya analojia, tena picha tu. Sauti haipiti humo kabisa. Projekta nyingi za zamani zinalo.

DVI. Lilitoka mwaka 1999 na hukutikana zaidi katika skrini za mezani za miaka iliyofuata. Kuna DVI-D, ambayo ni dijitali tupu, na DVI-I, ambayo ina pini za dijitali na za analojia pamoja. Tofauti hiyo ya herufi moja ina maana kubwa, kwani DVI-D haiwezi kutoa picha ya VGA kwa adapta ya kawaida.

HDMI. Kiwango chake cha kwanza kilitangazwa Desemba 2002. Kina pini 19, hubeba picha na sauti kwa pamoja, na ni dijitali. Ndilo tundu la televisheni za siku hizi, na kompyuta nyingi mpakato zinalo. Kompyuta nyingine ndogo zina HDMI iliyopunguzwa umbo. Ishara ni ile ile, hivyo yatosha adapta ya kubadili umbo tu.

DisplayPort. Ilianza mwaka 2006, ina pini 20, na umbo lake ni la mstatili wenye pembe moja iliyokatwa. Lipo pia umbo dogo, liitwalo Mini DisplayPort, lililoletwa na kampuni ya Apple mwaka 2008.

USB-C. Hili ni tundu dogo la mviringo uliobanwa, ambalo plagi yake huingia upande wowote. Lilianza mwaka 2014 na lina pini 24. Laweza kupitisha umeme wa kuchaji, mafaili na picha, lakini si kila USB-C hupitisha yote matatu. Jambo hili litaelezwa peke yake hapo chini.

USB ya kawaida. Ni lile tundu la mstatili la kuchomekea kipanya na flashi. Peke yake halitoi ishara ya picha.

ADAPTA ZA KUUNGANISHA NA ADAPTA ZA KUBADILI

Adapta zote huonekana kama ndugu wa tumbo moja, lakini kazi zao ni mbili tofauti.

Adapta ya kwanza huunganisha tu. Ni kama kiungo cha bomba kinachokutanisha bomba la nchi moja na la nusu nchi. Maji yanayopita ni yale yale. Ndani yake aghalabu mna nyaya tu. Adapta ya HDMI kwenda DVI ni ya namna hii, kwa kuwa picha ya pande zote mbili ni dijitali ya mtindo mmoja, ila sauti yapasa ipitishiwe waya wake. Adapta ya DisplayPort kwenda HDMI nayo yaweza kuwa ya namna hii, iwapo tundu la kompyuta lina uwezo wa kutoa ishara za mitindo yote miwili. Uwezo huo aghalabu huonyeshwa kwa alama ya DP yenye alama mbili za kujumlisha.

Adapta ya pili hubadili ishara yenyewe. Ndani yake mna kitengo cha elektroniki kinachofanya kazi ya ukalimani, kama king'amuzi. HDMI kwenda VGA hapana budi iwe ya namna hii, na DisplayPort au USB-C kwenda VGA vivyo hivyo. Zipo nyaya zinazouzwa zikiwa na plagi ya HDMI upande mmoja na ya VGA upande wa pili, bila ya kitengo chochote katikati wala ndani ya plagi. Waya kama huo hauwezi kutoa picha kutoka kompyuta ya kawaida kwenda projekta, hata ukiwa mpya na wa bei kubwa.

King'amuzi hakifanyi kazi bila ya umeme, na adapta ya kubadili vile vile. Adapta nyingi za HDMI kwenda VGA hujilisha kwa umeme wa volti 5 unaotoka katika tundu la HDMI lenyewe. Lakini kiwango cha HDMI huilazimisha kompyuta kutoa miliampia 55 tu, na adapta nyingine huhitaji zaidi ya hapo. Matokeo yake ni picha inayokuja na kupotea. Kwa hiyo ni busara kuchagua adapta yenye tundu dogo la kuongezea umeme wa USB, ili ikilegea isaidiwe.

MWELEKEO WA SAFARI

Makosa yanayowagharimu wanunuzi wengi ni ya mwelekeo. Mashine ya kukoboa huigeuza kahawa ya maganda ikawa kahawa safi. Hakuna anayetia kahawa safi upande wa pili akitazamia kupata ya maganda. Adapta ya kubadili ni hivyo hivyo. Iliyotengenezwa kutoa picha katika HDMI kwenda VGA haitumiki kutoka VGA kwenda HDMI, hata kama plagi zimeingia vizuri. Hali kadhalika adapta ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI haifai kwa kompyuta ya HDMI na skrini ya DisplayPort.

Basi katika kuandika mahitaji, itajwe kwanza kompyuta, kisha kionyeshi: "kutoka HDMI ya kompyuta kwenda VGA ya projekta." Kadhalika zitazamwe plagi, ambazo mafundi huziita dume na jike. Upande wa kompyuta huhitaji dume lenye pini zilizotokeza. Upande wa pili huhitaji jike, ikiwa waya wa projekta una plagi dume mwishoni, na ndivyo ulivyo mara nyingi.

TAHADHARI YA USB-C

Kompyuta nyembamba za siku hizi huja na matundu machache, na nyingine zina USB-C peke yake. Mnunuzi huona tundu, akaona adapta ya USB-C kwenda HDMI inaingia, akadhani kazi imekwisha. Sivyo. USB-C nyingine hupitisha mafaili na umeme tu, na adapta ya bei yoyote haiwezi kutoa picha mahali isipokuwepo.

Zipo dalili za kutazama. Alama ya radi iliyochorwa kama mshale karibu na tundu huonyesha Thunderbolt, nayo hupitisha picha. Alama ya herufi D na P zilizounganishwa nayo ni dalili njema. Alama ya betri huhusu kuchaji, si picha. Watengenezaji wengi hawaweki alama yoyote, na hapo ushahidi wa kutegemewa ni maelezo ya modeli ya kompyuta hiyo hasa. Yatafutwe maneno "DisplayPort" au "Thunderbolt" katika mstari unaoeleza USB-C. Yasipokuwapo, muuzaji aombwe aoneshe kwa kuunganisha mbele ya mnunuzi.

Waya nao utazamwe. Nyaya nyingi za USB-C zinazokuja na simu ni za kuchaji, na hazina nyuzi za kupitishia picha. Waya kuingia tunduni si ushahidi kwamba picha itapita.

Pale ambapo kompyuta haina njia yoyote ya picha, au tundu lake la picha limekufa, ipo adapta ya USB ya kawaida kwenda HDMI au VGA, yenye kitengo chake cha kutengeneza picha. Adapta hii huhitaji programu yake iwekwe kwanza katika kompyuta. Yafaa kwa majedwali ya hesabu na maandishi, lakini programu hiyo iwekwe na kujaribiwa siku nyingi kabla ya mkutano, si mlangoni pa ukumbi ambapo mtandao pengine haupatikani.

MIFANO MINNE

Mfano wa kwanza: kompyuta ina HDMI, projekta ina VGA tu. Inunuliwe adapta ya kubadili kutoka HDMI kwenda VGA, yenye tundu la kuongezea umeme, na yenye tundu la duara la sauti ikiwa chama huonyesha filamu za mafunzo. Sauti huchukuliwa hapo kwa waya mwembamba hadi kwenye spika.

Mfano wa pili: kompyuta ina USB-C inayotoa picha, televisheni ina HDMI. Inunuliwe adapta ya USB-C kwenda HDMI. Ikiwa tundu hilo moja ndilo pia la kuchajia, ichaguliwe adapta yenye tundu la pili la kuingizia chaja, maana mkutano wa siku nzima huimaliza betri.

Mfano wa tatu: kompyuta ni ya zamani na ina VGA tu, ilhali televisheni ni mpya na ina HDMI. Hapa adapta ni ya mwelekeo wa kinyume, VGA kwenda HDMI. Hujilisha umeme kwa waya wa USB, na sauti huingizwa kwa waya wa pembeni, kwa kuwa VGA haina sauti.

Mfano wa nne: ukumbi ni mrefu na chama kina televisheni mbili. Kinachohitajika ni kigawanyi cha HDMI chenye umeme wake, ambacho huonyesha picha moja katika televisheni zote mbili. Waya uliogawanywa kama herufi Y, usio na umeme, usinunuliwe kwa kazi hiyo.

UKUBWA WA PICHA NA UREFU WA WAYA

Picha huundwa kwa nukta. Projekta nyingi za zamani zina nukta 1024 kwa 768, na televisheni nyingi zina 1920 kwa 1080. Kwa kuonyesha mizania na jedwali la malipo ya wanachama, adapta inayofikia 1920 kwa 1080 yatosha kabisa. Hakuna haja ya chama kulipa zaidi kwa adapta ya nukta 3840 kwa 2160 ilhali projekta yake haiwezi kuzionyesha.

Urefu wa waya una mpaka. Waya wa kawaida wa HDMI wa mita 5 mara nyingi hauna taabu. Unapokaribia au kupita mita 10 picha yaweza kukatika, na hapo huhitajika waya maalumu wenye elektroniki ndani. Waya mrefu wa VGA hutia ukungu na vivuli katika maandishi. Njia rahisi ni kuweka kompyuta karibu na projekta, na kumwachia msomaji wa taarifa kipaza sauti mbele.

SIKU MOJA KABLA YA MKUTANO

Vifaa vyote viunganishwe katika ukumbi ule ule, na mtu yule yule atakayevitumia. Utaratibu ufuatao hufaa:

(a) Kwanza iwashwe projekta, kisha waya na adapta viunganishwe, ndipo kompyuta iwashwe.

(b) Projekta ichaguliwe tundu linalotumika kwa kitufe kilichoandikwa "Source" au "Input". Projekta nyingi hudhaniwa mbovu kumbe zinasikiliza tundu jingine.

(c) Katika kompyuta ya Windows, kibonyezwe kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, kisha ichaguliwe picha ile ile kuonekana pande zote mbili.

(d) Projekta ikiandika kwamba haiwezi kuonyesha ukubwa huo, nukta zipunguzwe katika mipangilio ya skrini hadi 1024 kwa 768.

(e) Picha ya VGA ikigeuka ya manjano, ishara ya buluu haifiki. Ikigeuka ya buluu-kijani, nyekundu haifiki. Ikigeuka ya zambarau-nyekundu, kijani haifiki. Chanzo chake mara nyingi ni pini iliyopinda au plagi iliyolegea, wala projekta isilaumiwe kabla ya hapo.

(f) Mtu mmoja akaketi kiti cha mwisho na kusoma tarakimu. Asipoweza, herufi ziongezwe ukubwa.

Jambo jingine ni siri za wanachama. Picha inayoonekana pande mbili huonyesha kila kitu kilicho katika kompyuta. Kabla ya kuunganisha, yafungwe majalada ya mikopo ya mtu mmoja mmoja, kurasa za benki na ujumbe binafsi. Mkutano una haki ya kuona hesabu za chama, lakini mwanachama hana wajibu wa kuonyeshwa ukutani deni lake.

Wala projekta haifuti taratibu za zamani. Nakala za hesabu zilizochapwa ziwepo mezani na zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa kuwa umeme waweza kukatika hata pale ambapo adapta ni sahihi.

KUAGIZA NA KUTUNZA

Hati ya kuagizia iwe na mambo matano: modeli ya kompyuta na tundu lake, modeli ya projekta au televisheni na tundu lake, mwelekeo wa ishara, haja ya sauti, na haja ya umeme wa nyongeza. Palipo na shaka, matundu yapigwe picha kwa simu na picha hizo ziende dukani pamoja na mnunuzi. Malipo yafanyike baada ya kujaribu, na stakabadhi itaje jina kamili la kifaa, si neno "adapta" pekee, kwa kuwa mkaguzi hawezi kujua kutokana na neno hilo kama kilichonunuliwa ndicho kilichohitajika.

Adapta iandikwe katika daftari la mali za chama, ifungwe kikaratasi chenye maneno kama "Kutoka HDMI kwenda VGA", na ikae katika mfuko wa projekta. Isizungushwe kwa kukunjwa shingoni mwa waya, wala isivutwe kwa waya wakati wa kuchomoa. Mhasibu akibadilika, makabidhiano yaitaje adapta pamoja na kompyuta yenyewe.

Chama kilichofuata haya hakitahitaji fundi siku ya mkutano. Agenda ya hesabu itakapofika, tarakimu zitakuwa zimekwisha tokea ukutani, na muda uliokuwa ukipotea katika kuchomeka na kuchomoa nyaya utabaki kwa wanachama, waulize maswali yao na wapewe majibu.